Matuta Yaliyobomolewa na Matuta Yaliyobaki

Haya ni maneno niliyoyasema kuhusu kukinga udongo wa mashamba usichukuliwe na mvua, kwenye mkutano wa wakulima huku Kondoa, mwanzoni mwa Novemba, watu wakiwa katikati ya kusafisha mashamba. Waliokuwa safarini na waliobaki nyumbani kuuguza wameomba wayapate yote. Nimeyaacha yalivyo, pamoja na pale nilipokatizwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama wenzangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha: assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Wengi mnanijua. Nilikuwa bibi shamba. Kazi nimestaafu, maneno sijastaafu, ndiyo maana Mwenyekiti amenipa nusu saa na kumweka kijana na saa pale mbele yangu.

Nianze kwa kuuliza. Nani hapa nyumba yake imepakwa chokaa? Nyosheni mikono. Haya. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, nenda nyuma ya nyumba utazame ukuta wako kule chini. Utakuta madoa mekundu yametapakaa mpaka usawa wa goti. Nani kayarusha? Utawasingizia watoto bure. Ni tone la mvua. Tone kubwa likifika chini linakuja kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa. Likikuta udongo mtupu linaupiga, linauvunja chembe chembe, linazirusha. Ukutani tunaziona. Shambani hakuna ukuta wa kutuonyesha, basi tunadhani hakuna kilichotokea.

Kimetokea! Zile chembe laini zikidondoka zinaziba vitundu vya udongo, juu panafanya gamba, na maji yanayokuja nyuma hayana pa kuingia. Yakikosa pa kuingia yanatembea. Yakitembea yanabeba. Mtu ukimtajia mmomonyoko, mawazo yake yanakwenda kwenye korongo, lile ambalo ng'ombe akitumbukia hatoki. Lakini korongo ni mwisho wa habari. Kabla ya korongo, shamba limekwisha kupoteza udongo wake miaka mingi, tambarare nzima, kidogo kidogo, bila mtu kupiga yowe.

Kidogo kidogo ni kiasi gani? Tuhesabu pamoja. Chukua shamba la eka 1, liondolewe udongo wa unene wa milimita 1 tu. Ukipita kesho huoni tofauti. Lakini milimita hiyo moja, eka nzima, ni kama mita za ujazo 4. Kwa uzito ni tani 5 hivi. Kama jirani angekuja usiku na Fuso akakupakilia tani 5 za udongo, asubuhi tungekuwa ofisi ya kata. Mvua ikizichukua mchana kweupe, tunashukuru kwamba imenyesha vizuri. Na kurudisha si rahisi: mwamba kuoza mpaka ukatoa sentimita 1 ya udongo ni kazi ya mamia ya miaka.

Tena maji hayabebi kwa kubahatisha. Yanaanza na kilicho chepesi: mboji, samadi uliyoisomba kwa mkokoteni, mbolea ya dukani uliyoikopa, chembe laini zenye rutuba. Mchanga na kokoto yanakuachia. Ndiyo maana shamba linazeeka kabla ya mwenye shamba. Ukitaka kujua lako limefika wapi, usingoje kipimo cha maabara. Tazama mizizi ya miti ya mpakani, kama iko nje. Tazama mawe madogo, kama kila moja limesimama juu ya kiguzo chake cha udongo na pembeni pote pameliwa. Ukiyaona hayo, kiasi cha udongo kilichoondoka ni urefu wa kile kiguzo.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo pesa zilipo. Kila mwaka mtu ananiambia, "Mama, mwaka huu jua limetumaliza." Sawa, jua lipo, hii ni Dodoma. Lakini twende tukatazame mashamba mawili yaliyopakana. Mvua ni moja, mbegu ni moja, wiki ya kupanda ni moja. Moja mahindi yamejikunja, lingine yanasimama wiki mbili zaidi. Shamba la pili udongo wake wa juu upo, na maji yaliingia yakakaa. La kwanza maji yalipita juu yakaenda zake mtoni. Huyo wa kwanza hakukosa mvua. Aliipata, akaisindikiza mpaka korongoni!

*

Mnajua udongo unakokwenda? Wa kwetu haufiki hata baharini. Unashuka na vijito mpaka Mto Bubu, Bubu unaupeleka Bahi, unaishia kwenye mbuga. Lakini nchi jirani, Kenya, upo udongo uliosafiri mpaka ukaacha ushahidi, na habari yake mimi huipenda sana.

Maji ya Ukambani, nchi ya Wakamba huko Machakos, yanaingia Mto Athi. Athi ukishuka unaitwa Galana, ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, na unamwaga maji yake karibu na Malindi. Aliyefika Malindi wakati wa mvua ameona bahari ilivyo pale: nyekundu, ya tope, na ufuko umejaa mchanga ulioletwa na mto. Sasa, baharini kuna matumbawe, viumbe wanaojenga mwamba wao tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa karibu miaka 300, wakapima tabaka zake. Walikuwa wanatafuta madini yaitwayo bariamu, ambayo hufika baharini pamoja na udongo wa mito. Wakakuta kwamba kwa miaka mingi kiwango kilikuwa cha chini, halafu mapema karne ya 20 kikapanda ghafla, na hakikurudi kilipokuwa.

Mapema karne ya 20 kulitokea nini huko bara? Serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi nzuri ikawapa walowezi, watu na mifugo yao wakabanwa kwenye maeneo waliyotengewa. Vilima vikafyekwa, ng'ombe wakazidi malisho. Mkulima wa Machakos hakuwahi kuiona bahari, na tumbawe la Malindi lilikuwa linaandika habari za shamba lake.

Naisimulia kwa sababu huwa tunaambiwa kwamba udongo unaharibiwa na ujinga wa mkulima. Tumbawe halisemi hivyo. Linasema watu waliokaa na ardhi yao muda mrefu walianza kuipoteza pale walipobanwa.

Na wasomi wenye mashine je? Sihitaji kwenda mbali. Kongwa ni mkoa huu huu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta, mengine yametoka vitani, wakang'oa vichaka eneo kubwa ili walime karanga za kupeleka mafuta Ulaya. Hawakuuliza mvua ya Kongwa inanyeshaje. Kiangazi udongo ule ukawa mgumu majembe yakavunjika, na palipobaki patupu upepo ukachukua vumbi. Mwaka 1951 walifunga virago, pauni milioni 36 zimekwisha. Wagogo walikuwepo kabla, wakabaki baada. Hiyo inatosha, tuendelee.

*

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta.

Hapa Afrika Mashariki hatujakosa elimu ya kukinga udongo. Tumekuwa nayo, iliyotoka kwa mababu na iliyotoka ofisini. Matuta yamechimbwa, yamebomolewa, yamechimbwa tena. Swali ambalo mabwana shamba hatupendi kuulizwa ni hili: kwa nini tuta lile lile, kwenye mlima wa aina ile ile, mahali pamoja linabomolewa na mahali pengine linatunzwa mpaka na wajukuu?

Twende Uluguru, Morogoro. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona milima ile inakatwa na kulimwa mpaka kileleni, ikaogopa, na hofu yake ilikuwa na msingi. Ikaamuru matuta ya ngazi. Kila mwenye nguvu achimbe, siku kadhaa kila wiki, asiyechimba anatozwa faini. Waluguru wakachimba. Wakapanda. Mazao yakawa mabaya! Kwa nini? Mlima ni mkali, udongo wake mwembamba. Ukichimba ngazi pana kule unafukia udongo wa juu na kuutoa nje ule wa chini usio na kitu. Watu walilisema hilo. Hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 wakakataa, zikatokea vurugu, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa pia. Na kwa miaka mingi baadaye, Mluguru ukimtajia matuta, hakuwa anasikia kilimo. Alikuwa anasikia polisi.

Twende Machakos. Miaka ya 1930 maafisa walipita Ukambani wakaandika kwamba nchi ile inageuka jangwa la mawe na mchanga. Dawa yao ikawa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 wakaanza kukamata mifugo na kuiuza kwa bei ya kutupa. Wakamba wakafanya nini? Wakatembea. Wanaume, wanawake, watoto, wakatoka Machakos mpaka Nairobi, wakaongozwa na Samuel Muindi Mbingu, wakakaa pale wiki kadhaa wakidai ng'ombe wao. Mbingu akakamatwa akapelekwa Lamu, lakini uchukuaji wa ng'ombe ukasimamishwa. Leo katikati ya Nairobi kuna mtaa una jina lake. Baada ya vita kuu ya pili wakaletewa matuta ya lazima, na hayo nayo wakayachukia.

Kama habari ingeishia hapo, tungesema Mkamba hapendi matuta kama Mluguru. Haikuishia hapo.

Ukoloni ukaondoka. Hakuna tena wa kumlazimisha mtu. Mwanzoni matuta mengi yaliachwa yakabomoka. Halafu, polepole, watu wale wale wakaanza kuchimba wenyewe. Kahawa ilikuwa imeruhusiwa kwa Waafrika. Nairobi iko karibu na inakula mboga na matunda. Mtu akaona kwamba mche wa kahawa ulio juu ya tuta haufi kiangazi, na kahawa hiyo inalipa ada ya shule. Kina mama wakaungana kwenye vikundi vyao vya mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakichimba kwa nyimbo. Tena hawakuchukua kila walichoelekezwa. Yale matuta membamba ya ofisini wengi waliyaacha. Wakashika fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaovuka mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani juu ya tuta, na miaka inavyokwenda shamba linajisawazisha lenyewe.

Mnajua kilichotokea? Kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1980, watu wa Machakos waliongezeka kutoka kama robo milioni wakapita milioni na laki tatu. Kila mtaalamu angetabiri jangwa. Badala yake sehemu kubwa ya mashamba yale ikawa na matuta, miti ikaongezeka kwenye vilima vilivyokuwa vitupu, na mavuno kwa kila mtu hayakushuka.

Wakamba wale wale. Milima ile ile. Jembe lile lile. Kilichobadilika ni nani anaamua na nani anakula matunda. Mtu hachimbi tuta kwa ajili ya udongo, ndugu zangu. Anachimba kwa ajili ya mavuno yake, kwenye shamba ambalo ana hakika hakuna wa kumtoa.

(Hapa mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele alisimama akasema: "Na sisi je? Sisi hatukuulizwa, ng'ombe wetu walitolewa, na nchi ilipona!" Watu walicheka, wengine wakapiga makofi.)

Asante mzee. Nilikuwa naja huko, ila umenitoa kwenye mstari mapema, na nafurahi. Kwa vijana ambao hamkuwepo: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, Waswidi wakisaidia. Walianza na matuta ya trekta na kupanda miti. Haikutosha. Makorongo ya milima yetu ya Irangi yalikuwa yanaongezeka. Mwaka 1979 ikatoka amri: ndani ya eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256, asibaki ng'ombe, mbuzi, kondoo wala punda. Makumi ya maelfu ya mifugo ikatolewa. Na mzee anasema kweli, sitampinga: majani yalirudi. Vichaka vikafunika makorongo ambayo watu walikuwa wamekata tamaa nayo. Mito ya mchanga ikatulia, pembeni yake watu wakalima mahali ambapo zamani pasingeshika mbegu. Wageni walikuja kutoka nchi nyingi kupiga picha.

Basi mimi nimekosea na amri ndiyo dawa? Mzee, ngoja nikuulize na wewe. Wale ng'ombe walichinjwa wote? Hapana. Walikwenda wapi? Walikwenda tambarare, nje ya mpaka. Huko nako nyasi zikaisha, na wengine wakahama mbali zaidi na familia zao. Mlima ulipumzika, mzigo ukahamia kwa jirani. Maziwa ya watoto hapa mlimani yalikwenda wapi? Samadi ya mashamba ilikwenda wapi? Kina mama wa umri wangu wanajua jibu, wananitazama hapa.

Na kuna la pili. Kwa nini amri ile ilidumu miaka yote ile, wakati ya Uluguru ilivunjwa? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu ardhi ilipona mbele ya macho ya watu, na waliokuwa wanalima wakapata mahali papya pa kulima. Waliolipa gharama walikuwa hasa wenye mifugo, na sauti yao haikusikika sana. Mwisho wa miaka ya 1980 wakaruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufungia bandani, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza kukinga udongo na kunywa maziwa vikakaa nyumba moja: majani yanayoshika tuta ndiyo anayokatiwa ng'ombe. Hilo halikuhitaji askari. Kwa hiyo, mzee wangu, mimi naisema habari ya Kondoa nzima, mlima na tambarare. Wanaoisema nusu huwa wanatafuta ruhusa ya kutoa amri nyingine.

*

Niseme moja la watu ambao hakuna aliyewafundisha. Kule Mbinga, Ruvuma, Wamatengo waliposumbuliwa na vita vya karne ya 19 walijibana kwenye milima mikali. Wakajitengenezea ngolo. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza yakakatana mraba mraba kwenye mteremko. Wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Mlima mzima unakuwa mashimo, na katikati ya mashimo kuna kingo za udongo wenye mboji. Maharage yanapandwa kwenye kingo, baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni, udongo unatulia shimoni. Mlima ule ungelimwa hovyo ungekwisha zamani. Unalimwa mpaka leo. Wala sisemi tukachimbe ngolo hapa kwetu. Mvua yao ni nyingi kuliko yetu na kazi ile ni nzito, na nzito zaidi kwa mwanamke. Nasema tu kwamba mkulima akiachiwa shamba na muda, huwa anafikiri.

*

Sasa ya kwetu, maana kijana wa saa ananionyesha vidole.

La kwanza mnalijua: mvua isikute shamba tupu. Mabua msichome. Yalazeni kukinga mteremko. Najua mtasema, "Mama, mabua yanaliwa na ng'ombe wa watu." Kweli. Hapa tukishavuna, shamba ni la kila mwenye fimbo. Mimi siwezi kuliamua hilo, wala bwana shamba hawezi. Mkutano huu unaweza. Kaeni, wenye ng'ombe na wenye mashamba, mkubaliane mabua ya mteremkoni yaachwe na ya bondeni yaliwe, au muamue vingine, lakini muamue ninyi. Msisubiri iletwe kwenye karatasi yenye muhuri.

Na plau ivuke mteremko. Mfereji wa plau unaoshuka mlima ni barabara mliyowajengea maji wenyewe.

La pili ni zito, na kuna watu hapa hawatalipenda. Mashamba mengi ya mlimani yanakodishwa. Mwaka huu analima huyu, mwakani yule. Niambieni, mwenye akili timamu atachimba mtaro wa sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, mita 100, kwenye shamba atakalonyang'anywa baada ya mavuno? Hawezi. Na akiuchimba, shamba likapendeza, ndiyo kwanza mwenye shamba atalitaka. Wenye mashamba, kodisheni kwa miaka mitano au zaidi, muandikishane mbele ya Mwenyekiti, na tuta lihesabiwe kwenye kodi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ipo, inatoa hatimiliki ya kimila. Andikeni majina. Andikeni na majina ya wake zenu! Mnacheka, lakini nani anashika jembe kule juu? Mjane anayejua shamba litachukuliwa na shemeji zake arobaini ikiisha, mnataka akapande majani ya mabingobingo kwenye tuta la nani?

Mimi nimemaliza ya kusema, yaliyobaki ni ya kufanya. Kesho saa moja asubuhi, kina mama wa kikundi wametoa shamba lao pale chini ya shule tulijaribie. Tutatengeneza fremu A ya kupimia kontua. Haina gharama: fito tatu, kamba, na jiwe la kuning'iniza. Vijana, ninyi mlete fito, mbili za mita 2 zilizonyooka na moja fupi ya kukatisha katikati. Tutapima mistari mpaka jua liwe kali, jioni turudi na majembe. Atakayetaka shamba lake lifuate, aandikishe jina kwa Mwenyekiti leo kabla hajatoka, na alete jina lake pamoja na la aliyemkodishia.

Asanteni kwa kunisikiliza.